Vijana Arobaini, Seremala wa Kukodi



Ndugu Waislamu, tumezoea kulalamikia ukosefu wa ajira. Kijana amehitimu madrasa, amemaliza na kidato cha nne, kisha anashinda kwenye baraza ya msikiti tangu Adhuhuri hadi Alasiri. Nasi hao hao, marufaa za madrasa zikivunjika, tunachangishana siku ya Ijumaa tukamlipe seremala, huku vijana arobaini wamekaa mkekani wakitazama. Huu ni ubadhirifu gani?

Tulipolisema hili mbele ya wazazi tulijibiwa: "Mwanangu nimemleta asome, sikumleta achonge mbao." Jawabu hili limetoka wapi? Qur'an inatusimulia kuwa Daud (A.S.) alilainishiwa chuma akafua deraya, na Nuh (A.S.) akaunda safina. Zakariya (A.S.), kwa hadithi sahihi, alikuwa seremala. Hao ni Mitume, wala kazi haikuwapunguzia elimu.

Tunachodai si somo jingine la kunakili ubaoni. Ni kazi moja kamili: vijana wakabidhiwe kutengeneza marufaa ishirini. Wapime, wapige hesabu ya mbao, gundi na msasa, waende wenyewe kuuliza bei, wagawane majukumu, fundi awasimamie, na mwisho wasome hesabu ya matumizi mbele ya jamaa. Marufaa ya kwanza itapinda. Na ipinde! Kwa kutafuta imepindia wapi, kijana ataijua pembe mraba kuliko kuichora daftarini mwaka mzima.

Tunawajua watakaotukumbusha Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Kosa halikuwa katika fikra ile. Kosa ni pale ambapo, katika shule nyingi, watoto waligeuzwa vibarua wa shamba la mwalimu, wakalima bila kufundishwa kilimo wala kuonyeshwa hesabu ya mavuno. Kwa hiyo tunaweka sharti: kazi ya vijana ikiuzwa, daftari liwe wazi, na fedha isiingie mfukoni mwa ustadhi yeyote, tukiwemo sisi.

Serikali ya Tanzania ilianza mkondo wa amali katika shule za sekondari mwaka 2024. Madrasa zetu zingoje nini? Mabomba ya udhu yanavuja, mapaa yanahitaji kuezekwa. Kabla ya kumwita fundi Ijumaa ijayo, kamati imuulize kwanza kama atakubali kufuatana na vijana sita.