Malezi ya Nyumbani na Uharibifu wa Mali ya Umma

Ndugu wanachama, liko jambo moja ambalo twaona haifai kulinyamazia tena. Vijana wetu wavunja vioo vya shule, wachonga madawati kwa visu, na kung'oa taa za njiani. Katika Kenya jambo hili lilifika mbali: mwaka 2016 shule zaidi ya 100 zilitiwa moto, na wengi walioshukiwa walikuwa wanafunzi. Watu husema, "Ni wazimu wa ujana," au huwalaumu walimu. Sisi twasema yatupasa kutazama kwanza nyumbani kwetu.

Bibi Diana Baumrind, mtaalamu wa Marekani, aliandika mwaka 1966 juu ya wazazi wa namna tatu: mkali asiyetoa sababu, mpole asiyekataza neno, na yule ashikaye amri imara, huku akieleza sababu yake na kumsikiliza mtoto. Baadaye wengine wakaongeza wa nne, asiyejali kabisa. Mwaka 1991 ilitolewa habari ya uchunguzi wa vijana wapatao 4,100 wa Wisconsin na California. Wana wa mzazi wa tatu walionekana bora, na wana wa asiyejali wakawa wa mwisho. Wana wa mpole walijiamini, walakini walikosa adabu shuleni. Wana wa mkali walitii, ila walijiona duni.

Nchi ile si yetu, lakini wazazi hao wanne twawajua. Wamo humu chamani. Ofisini twaandika kila kalamu daftarini, kwa kuwa ni mali ya umma. Jioni twarudi tumechoka, wala hatumwulizi mtoto alikuwa wapi. Siku ijapo barua ya shule kwamba kioo kimevunjwa, mmoja hushika fimbo asiulize neno; mwingine hulipa kimya kimya, jina lake lisitajwe. Sisi wenyewe tumeyafanya yote mawili. Aliyepigwa hujifunza kujificha. Aliyelipiwa huona kioo ni kitu cha bure. Hapana hata mmoja aliyejifunza kioo kile ni cha nani.

Shauri letu ni hili. Mzazi aketi na mwanawe, asikie kisa chote, amweleze fedha ya kioo yatoka kwa nani. Kisha waende pamoja shuleni, kijana aungame mbele ya mwalimu, na asaidie kutia kioo kipya kwa mikono yake. Aibu ya leo ni nafuu kuliko mahakama ya kesho.

Wako watakaosema kwamba sisi tulikuzwa kwa fimbo. Ni kweli, lakini wazee wetu hawakuwa na fimbo peke yake: jioni waliketi nasi, wakatuuliza tulikokwenda na tuliyoyatenda. Sisi tumerithi fimbo, mazungumzo tumeyaacha. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Basi na tuanze jioni ya leo.