Amri za Majini Zitolewe kwa Kiswahili

Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, huanza kama vijito vya baridi katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, ukaishia katika Bahari ya Hindi upande wa Kipini. Kabla haujafika kwenye bwawa la Masinga, maji yake hupita Sagana yakikimbia kwa kasi baina ya miamba. Hapo ndipo familia na wanafunzi huenda kupanda vyelezo vya mpira vilivyojazwa hewa, wakateremka maporomoko kwa nusu siku wakiongozwa na wajuzi. Tangu reli mpya ianze kubeba abiria kutoka Miritini mwaka wa 2017, hata sisi wakazi wa Magongo twaweza kuianza safari hiyo mlangoni petu.

Siupingi mchezo huu. Maporomoko hupimwa kwa madaraja sita, na wanaoanza hupelekwa kwenye yale ya chini. Kila mtu huvalishwa jaketi la kuelea na kofia ngumu, akapewa kafi, kisha wote wakafanya mazoezi kwenye maji tulivu. Hufunzwa kwamba aliyetumbukia asijaribu kusimama, kwani mguu waweza kunaswa chini ya mwamba. Alale chali, miguu ikitangulia mkondo, angoje kamba. Haya ni mafunzo mema. Swali langu ni hili: hutolewa kwa lugha gani?

Nimeshuhudia darasa la aina hiyo kando ya mto. Mwelekezi alikuwa Mkenya na abiria wote Wakenya, lakini maelezo na amri zote zilitolewa kwa Kiingereza. Mtoto mmoja wa makamo ya miaka kumi, kila alipoamriwa ainame, alimgeukia mama yake kwanza aone afanyavyo, ndipo naye akainama. Kwenye maji tulivu kuchelewa huko hakukumdhuru. Kwenye poromoko, punde hiyo ndiyo yote aliyo nayo.

Watetezi wa desturi hii hutoa hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili hakina msamiati wa mambo haya. Ajabu iliyoje! Lugha iliyolelewa na mabaharia ikose maneno ya maji? Chombo hicho ni chelezo. Kiendeshacho ni kafi. Mbele ni omo, nyuma ni tezi, na maji yaendayo kwa nguvu ni mkondo. Mvuvi yeyote wa Mtongwe ayajua maneno haya bila ya kufungua kamusi.

Hoja ya pili ni kwamba amri za Kiswahili ni ndefu. Hili nalo halina mashiko. Kitenzi cha Kiswahili kikitumika kama amri hutosheka na silabi mbili: vuta, rudi, acha, shika. Mkazo huangukia silabi ya kwanza kati ya hizo mbili, hivyo sauti hupasuka mara tu mdomo unapofunguka. Isitoshe, maneno ya Kiingereza ya kwenda mbele na kwenda nyuma huishia kwa silabi moja ile ile. Mngurumo wa maji ukimeza mwanzo wa neno, msikilizaji hubaki na mkia usiomwambia kitu. Vuta na rudi hayafanani hata kidogo.

Hoja ya tatu ni kwamba wako wageni wa kigeni. Naam, na waambiwe kwa lugha wanayoielewa. Lakini mwelekezi anayemhurumia mgeni kiasi hicho, mbona asimhurumie mtoto wa nchi yake? Kuuliza abiria waelewa lugha gani hakuchukui hata dakika moja.

Sisi wa Mombasa hatuhitaji kuambiwa kwamba maji hayana mzaha. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilizama Mtongwe, wakafa watu 272. Sisemi kwamba lugha ndiyo iliyowazamisha. Nasema kwamba watu waliowahi kuzika kwa wingi kiasi hicho hawana udhuru wa kulidharau jambo lolote linalompa abiria nafasi ya kuokoka, liwe dogo namna gani.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Cheo hicho kitakuwa cha karatasi tu iwapo lugha yenyewe itasifiwa jukwaani na kuachwa ukingoni pale roho inapokuwa hatarini. Kwa hivyo nawaomba walimu wenzangu: kabla ya kulipia safari ya wanafunzi, ulizeni amri zitatolewa kwa lugha gani, nanyi mzifundishe darasani siku moja kabla. Na waelekezi nawaomba wazoee maneno matano tu: vuta, rudi, acha, shika, inama.

Wanafunzi wa isimu nao wana la kutafakari hapa. Katika lugha yetu kitenzi elea kina maana mbili: kukaa juu ya maji, na kuwa wazi akilini. Jambo likinielea, nimelifahamu. Pale mtoni maana hizo mbili hukutana, kwani amri isiyomwelea mtoto haiwezi kumsaidia aelee.