Ukiona laelea, limeundwa

GUMZO LA GEREJI
Na Kemunto Obure

Kila Ijumaa jioni magari makubwa kutoka Nairobi hupita Keumbu yakielekea matangani. Yakiiacha lami ya Kisii–Keroka na kushika murram ya milimani, ndipo utajua lipi limetunzwa. Land Cruiser 100 au Lexus LX 470 iliyo nzima huvuka mashimo bila abiria kumwaga soda. Iliyochoka hurukaruka kama mkokoteni. Jumatatu mwenyewe yuko gereji, na fundi hata boneti hajafungua keshatoa hukumu: "Tung'oe huu mfumo, tutie springi na shokabu za kawaida."

Hukumu hiyo mimi siikubali.

Mfumo huo, ambao Toyota huuita AHC, husaidia springi kubeba gari kwa mafuta yanayosukumwa na pampu. Kila gurudumu lina tungi dogo la chuma, na ndani yake kiwambo kinatenganisha mafuta na gesi ya naitrojeni. Gesi ndiyo inayobonyea gurudumu likipigwa na jiwe. Asili ya ufundi huu ni Mfaransa Paul Magès wa Citroën, na gari la DS la mwaka 1955 ndilo lililoutangaza duniani. Miaka ikienda, naitrojeni huvuja polepole kupitia kiwambo. Mafuta hayabonyei, basi gari huwa gumu.

Kupima hakuhitaji kompyuta. Egesha mahali tambarare, injini ikiwaka. Shusha gari hadi chini kabisa, usome kiwango cha mafuta kwenye kopo lake lenye mistari. Kisha lipandishe hadi juu kabisa, usome tena; mafuta yatakuwa yamepungua. Matungi mapya huonyesha tofauti ya mistari 14 hivi. Ikiwa ni 7 au chini yake, gesi imekwisha.

Tofauti ikiwa nzuri na gari bado ni gumu, kagua springi. Zikilegea, uzito huangukia mafuta, presha hupanda, na hata tungi jipya ulilonunua kwa bei kali halitadumu. Kagua pia sensa za kimo zilizo chini ya gari, kwa maana tope na mvua za Gusii huzilisha kutu, na gari likaanza kuinama upande. Mafuta yakichakaa, badilisha kwa yale ya AHC; ya breki huharibu sili. Na asiingie mtu uvunguni kabla gari halijawekewa stendi, maana linaweza kushuka lenyewe.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Kilichoundwa hupimwa kwanza, ndipo king'olewe. Fundi akikwambia mfumo umekufa, muulize: tofauti ni mistari mingapi? Akikosa jibu, chukua funguo zako uende kwa mwingine.