MAMBO YA NYUMBANI: Urithi Uliomo Ndani ya Punje ya Maharage

Katika nyumba nyingi za Kigali ni nadra siku kupita bila chungu cha maharage mekoni. Sokoni, mama wa nyumbani huyachagua kwa rangi, kwa ladha na kwa wepesi wa kuiva. Lakini achaguapo mbegu ya kupanda, rangi peke yake haimtoshi. Ndani ya punje mna urithi usioonekana kwa macho, na urithi huo ndio utakaoamua kama watoto watakula au watakosa.

Familia za askari na polisi zina sababu ya pekee ya kulifahamu jambo hili. Leo baba yuko Bugesera, penye jua kali na mvua ya kubahatisha. Kesho amehamishiwa Burera, kwenye milima yenye baridi. Mama hufungasha vyombo, na katikati ya mzigo hutia mfuko wa mbegu. Mbegu ile ile iliyomlisha Bugesera yaweza kumwangusha Burera. Huenda majirani wakadhani kuwa ni uvivu, kumbe kosa si la jembe.

Asili ya maharage ni bara la Amerika, nayo yalianza kulimwa huko katika sehemu mbili mbalimbali. Yale ya milima ya Andes kwa kawaida yana punje kubwa na hupenda ubaridi kiasi. Yale ya Mexico na Amerika ya Kati yana punje ndogo, na mengi yao huvumilia zaidi joto na ukame. Mwaka 2014 wataalamu walitangaza ramani ya chembe za urithi za maharage, zilizopangwa katika jozi 11 za kromosomu. Uvumilivu wa ukame hauletwi na chembe moja tu. Chembe moja hurefusha mizizi, nyingine huwahisha maua, nyingine husaidia mmea kujaza punje wakati maji yamepungua. Ndiyo maana kupata mbegu bora huchukua miaka mingi. Wataalamu huchanganya maharage hata na jamaa zake wa mbali: maharage ya jangwani yaitwayo tepari kwa ajili ya ukame, na yale ya milima ya Mexico yenye kustahimili baridi.

Hata hivyo, elimu haitoki maabara peke yake. Kuanzia mwaka 1988, kituo cha utafiti cha Rubona kiliwaalika wanawake wakulima wachague wenyewe aina za maharage katika mashamba ya majaribio. Walizozichagua zilifanikiwa mashambani mwao kuliko zile zilizochaguliwa na wataalamu. Wanawake hao walijua kivuli cha migomba yao, udongo wao na mvua yao.

Tena, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, mbegu za Rwanda zilizalishwa katika nchi jirani na kurudishwa nyumbani. Ikaonekana pia kuwa wakulima wengi walikuwa bado wanazo mbegu zao wenyewe. Akiba ya mama ilikuwa imelinda urithi wa taifa.

Basi, familia iliyohamia mahali pageni na ifanye hivi. Kwanza, iwaulize majirani wanapanda nini, na kwa nini. Mahali penye ukame, maharage mafupi yanayokomaa mapema huwahi kabla mvua haijakatika. Milimani penye mvua ya kutosha, yale yanayopanda juu ya fito huzaa zaidi, ingawa huchelewa kukomaa. Pili, mbegu iliyoletwa kutoka mbali ijaribiwe katika tuta moja kwanza. Tatu, zipandwe aina kadhaa pamoja, ili moja ikishindwa nyingine iokoe chungu.

Ua la maharage kwa kawaida hujichavusha lenyewe, kwa hiyo mbegu iliyohifadhiwa vizuri haipotezi upesi tabia ya wazazi wake. Zitengwe punje safi, zisizo na madoa wala matundu ya wadudu, zianikwe zikauke sawasawa, na zifichwe mbali na mkono wa mpishi. Mvua za Septemba zikianza, mbegu iliyokwisha kuliwa haioti.