Kinga Haiji kwa Ndevu

Yamekuwa mazoea yetu kudhani kwamba mtu mzima, kwa kuwa mifupa yake imekomaa na mabega yake yamezoea magogo ya msitu wa Sao Hill, huihimili homa kuliko mtoto. Na dhana hiyo, ambayo huko Kilombero na katika mashamba ya mpunga ya Usangu ina ukweli wake kuhusu malaria, hapa Mafinga, nyanda za juu, ni ya hatari.

Kwani mwenyeji wa bondeni hakupewa kinga yake na umri. Aliipata utotoni, kwa homa zilizomrudia kila masika na kwa degedege lililowachukua baadhi ya ndugu zake, hata mwili ukajifunza kuishi na vimelea bila kuelemewa. Daktari Mjerumani Robert Koch alilibainisha jambo hilo huko New Guinea mwaka 1900, alipokuta vimelea vimejaa katika damu ya watoto, na kwa wazee wao ni nadra. Baridi yetu humpunguza mbu na kuvichelewesha vimelea kukomaa ndani yake. Kwa hiyo kijana wa miaka 30 aliyekulia huku, siku anapoteremka kulima mpunga, mbele ya malaria ni sawa na mtoto wa mwaka mmoja.



Nimewatazama vijana pale standi wakifunga mizigo yao: jembe, panga, sufuria, na blanketi zito la kukinga baridi ambayo huko waendako hawataikuta; chandarua hakimo. Na kwa kuwa homa aghalabu haianzi kabla ya siku 7 tangu mbu alipouma, wengine huugua wakiwa wamekwisha rejea kwenye mashine za mbao, wakaambiwa ni mafua, wakanywa dawa ya maumivu, na malaria katika mwili usioijua yaweza kufika ubongoni kwa siku chache tu.

Naomba basi kila mtu mzima mwenye homa aulizwe amelala wapi mwezi uliopita, apimwe damu kidoleni siku hiyo hiyo, apewe dawa mseto ikionekana malaria. Na katika mzigo ule wa standi, chandarua kitangulie kufungwa kabla ya jembe.