Bei ya Mafuta na Njia ya Kwenda Kliniki

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Tangazo hilo husomwa na wenye vituo, madereva na wafanyabiashara. Ni nadra kuliona kwenye ubao wa zahanati, ingawa huko ndiko lingestahili kusomwa kwa makini zaidi.

Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, petroli nchini Tanzania ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na kuanzia Juni Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Kenya ilipoondoa ruzuku ya petroli Septemba mwaka huo, lita moja jijini Nairobi ilifikia shilingi 179 za Kenya; mwaka mmoja baadaye ikapita 200. Nchini Sri Lanka mafuta yenyewe yaliadimika, hata watumishi wa hospitali wakapata taabu kufika kazini. Kila mahali mwendo ni mmoja: dereva humtwisha abiria mzigo, muuzaji humtwisha mnunuzi. Mgonjwa hana wa kumtwisha.

Katika kata ya Chikongola, Mtwara, mwenye afya hutembea kwa miguu hadi Hospitali ya Ligula. Mwenye kidonda cha kisukari mguuni hawezi, wala mjamzito aliyeshikwa na uchungu usiku. Anayepewa rufaa kwenda Hospitali ya Kanda ya Kusini kule Mitengo, nje ya mji, hana budi kupanda chombo. Nauli ya daladala hupangwa na LATRA, lakini ya bodaboda hupatanwa papo hapo, na mwenye uchungu hana nguvu ya kupatana.

Chakula nacho huguswa. Mashua za injini za Mikindani na Msimbati hutumia petroli, hivyo samaki hupanda bei na kitoweo cha watoto hupungua. Mafuta ya taa yakipanda, aliyeyatumia jikoni hurudia mkaa na kuni, pamoja na moshi wake. Ajabu ni kwamba gesi ya Msimbati husafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam tangu mwaka 2015, huku kaya nyingi zinazoishi jirani nayo zikipuliza makaa.

Pamoja na hayo yote, mgonjwa aliyekosa tarehe ya kliniki bado huitwa mtoro. Jina hilo si la haki. Wapo wazembe, hilo halina ubishi. Lakini aliyechagua kati ya nauli na unga wa siku hiyo hakutoroka popote. Kumkaripia mbele ya foleni hakumpunguzii gharama, bali humfanya aone haya kurudi.

Watumishi wa afya hawapangi bei ya petroli, ila wanapanga tarehe. Wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI na hali zao zimetulia hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja. Utaratibu huo unafaa pia kwa wagonjwa wa shinikizo la damu na kisukari waliotulia, pale dawa zinapotosha. Mama na mtoto wake wapangiwe siku moja. Kila mjamzito aondoke kliniki akiijua namba 115, ya bila malipo, ya usafiri wa dharura wa m-mama. Na malipo ya madereva wa mpango huo yaangaliwe upya kila bei inapopanda, kwani dereva anayepata hasara hapokei simu.

Naye mgonjwa aseme. Anayemeza kidonge cha shinikizo la damu leo na kuruka cha kesho, ili vifike mwisho wa mwezi, alieleze hilo dirishani, kwa kuwa mfamasia hawezi kulisoma kwenye kadi.