Mche Uliohesabiwa Si Msitu

Mtoto wa Masinga akiambiwa achore mti wa Krismasi, huchora pembetatu ya kijani juu ya shina fupi. Mti huo hajapata kuuona. Ni msprusi, mti wa Norway, Urusi na Kanada, ambao umbo lake lililochongoka huiteremsha theluji kabla haijavunja matawi. Masinga hakuna theluji. Kuna jua, vumbi na migunga. Mimi mwenyewe nimeichora pembetatu hiyo ubaoni mara nyingi bila kujiuliza mti huo unafaa wapi. Leo naliungama kosa hilo hadharani, kwa kuwa nachelea taifa zima lisije likalirudia.

Wanafunzi na wafahamu kwamba jamaa za miti hiyo ya kaskazini zimo nchini mwetu tangu kale. Katika nyanda za juu humea mtarakwa na podo, ambao nao ni wa ukoo wa miti isiyozifungia mbegu zake ndani ya tunda. Mtarakwa una sifa ya pekee: miongoni mwa ndugu zake wa jenasi moja duniani, ndio peke yake uotao kiasili kusini mwa Ikweta. Mbao zake zilitengenezewa penseli enzi za ukoloni, na nguzo zake huwashinda mchwa. Lakini hukua polepole mno. Ndiyo sababu wakoloni walileta misaiprasi na misonobari yenye asili ya Mexico, wakaipanda kwa safu katika misitu ya serikali. Mkulima aliruhusiwa kulima mahindi na viazi kati ya miche hadi ilipomzidi kivuli.

Je, haya yanamhusu nini mkaazi wa Masinga? Yanamhusu sana. Bwawa letu, lililokamilika mwaka 1981, ndilo kubwa kuliko yote katika Mto Tana, nalo liko juu ya mengine manne: Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Maji yake hayatoki kwetu. Hutoka Nyandarua na Mlima Kenya, iliko mitarakwa, podo na misaiprasi hiyo. Mteremko ukiachwa uchi huko, mvua huuchukua udongo na kuja kuulaza hapa, na kila tope linalotua bwawani huchukua nafasi ya maji. Taa ya mwanafunzi anayedurusu Nairobi usiku imefungamana na mti asioujua jina.

Mwaka 2018 Serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Mwezi Desemba 2022 ulizinduliwa mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, na mwaka uliofuata Rais William Ruto akatangaza kuwa marufuku hiyo imeondolewa. Wenye viwanda vya mbao walishangilia. Watetezi wa mazingira walilalamika. Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Mimi sikubaliani moja kwa moja na upande wowote. Msaiprasi uliopandwa ili uwe mbao ni zao kama mahindi, na zao lililokomaa huvunwa. Fundi anahitaji mbao, na mtoto anahitaji dawati. Kosa ni kulichanganya shamba la miti na msitu. Msitu wa asili una miti ya kila kimo, vichaka, majani makavu na mizizi ya namna nyingi. Mvua hufika chini imekwisha kupunguzwa ukali. Shamba la msaiprasi hukatwa lote kwa pamoja, na mpaka miche mipya ikue ardhi hukaa wazi. Tena, zao la aina moja huangamia kwa adui mmoja. Mwaka 1990 walionekana nchini vidukari wa msaiprasi, wadudu wadogo wafyonzao utomvu, nao wakaikausha miti mingi. Kwa hiyo tukipata bilioni 15 za miche tusiulize ni mingapi tu. Tuulize ni ya aina gani, imepandwa wapi, na mingapi ingali hai baada ya kiangazi cha tatu.

Swali hilo la mwisho nalijua kwa uchungu. Katika shule moja niliyofundisha tuliletewa miche ya msaiprasi, tukaipanda kwa nyimbo na hotuba, tukapigwa picha. Wanafunzi waliinywesha kwa maji waliyobeba vichwani kutoka nyumbani. Kiangazi kilipopita haukubaki hata mmoja. Hatua chache kutoka hapo ulisimama mukau, mti wa asili wa Ukambani wenye mbao ngumu zisizoliwa na mchwa, nao ulikuwa umestawi bila kunyweshwa na mtu. Hatukuuona, kwa sababu hatukufundishwa kuuona.

Nawasihi basi walimu wenzangu: kabla ya siku ya kupanda miti, watoeni watoto darasani wakaulize wazee majina ya miti iliyowatangulia kuzaliwa. Msprusi na ubaki kwao kwenye theluji, mtarakwa na podo virudishwe mlimani, msaiprasi ukae katika shamba lake, na mukau upewe Masinga. Na mtoto akiambiwa tena achore mti, achore ule unaompa kivuli. Samaki mkunje angali mbichi.